Kutengeneza ubao wa drafti na sataranji nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mtu anayetaka kujitengenezea ubao wa kuchezea kwa mbao halisi, mwenye vifaa vya kawaida vya useremala na meza isiyotikisika. Wengi huogopa hatua ya kukata. Kukata kunataka utulivu, ni kweli, lakini kinachoharibu kazi nyingi miezi baada ya kukamilika ni unyevu. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, na kila inapofanya hivyo hutanuka au hunywea. Ubao usioachiwa nafasi utapasuka, utapinda, au utafumua fremu yake. Ndiyo maana suala hili linajitokeza humu karibu katika kila hatua.

Miraba iwe na ukubwa gani?

Anza na kete utakazotumia, kisha upange ubao. Kwa sataranji, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIDE, linapendekeza mraba wenye upande wa sentimita 5 hadi 6, kwa seti ambayo mfalme wake ana kimo cha takriban sm 9.5. Pia upande wa mraba usipungue mara mbili ya kipenyo cha kitako cha askari. Ukiwa na seti ndogo, panga askari wanne wawili wawili, vitako vikigusana: wanapaswa kuenea ndani ya mraba mmoja.

Mraba wa sm 5 unakupa uwanja wa sm 40 kwa 40, na fremu ya sm 3 au 4 kila upande inaufikisha ubao wote kwenye sm 46 hadi 48. Pima meza yako kabla hujanunua mbao. Kwa kazi ya kwanza nisingeshuka chini ya sm 4, kwa kuwa kosa la nusu milimita ambalo halionekani kwenye mraba mkubwa huonekana wazi kwenye mraba mdogo.

Ubao mmoja unafaa kwa drafti na sataranji?

Ndiyo, kama drafti unayocheza ni ya miraba 64, yaani 8 kwa 8, yenye kete 12 kila upande. Drafti ya kimataifa huchezwa kwenye ubao wa 10 kwa 10, kila mchezaji akiwa na kete 20, na ile ya Kanada ni 12 kwa 12 yenye kete 30 kila upande. Uunganishaji ni uleule. Kinachoongezeka ni idadi ya fito na nafasi ya kukosea.

Mraba mweupe unakaa upande gani?

Kwenye kona iliyo mkono wa kulia wa kila mchezaji. Ubao wa 8 kwa 8 ukigeuzwa nusu mzunguko unabaki vilevile, kwa hiyo ukikosea unauzungusha robo tu. Hilo linakuwa tatizo pale tu unapotaka kuandika herufi na namba kwenye fremu: mraba wa a1, yaani wa kona ya kushoto ya mwenye kete nyeupe, ni lazima uwe mweusi.

Nitumie mbao za mti gani?

Unahitaji mbao mbili ambazo rangi zake zinaachana waziwazi na ugumu wake unakaribiana. Ugumu husahaulika. Ukiunganisha mpingo na msonobari, msasa utaula msonobari na kuuacha mpingo umeinuka kama vigingi, na mkono utausikia mpaka kati ya mraba na mraba.

Mninga ni chaguo zuri kwa upande wa giza, kwa kuwa hausogei sana unyevu unapobadilika. Mvule nao umetulia, na mkangazi hukatika na kupigwa randa kwa urahisi. Msaji unapendeza lakini una mafuta yanayozuia gundi kushika, kwa hiyo futa sehemu za kuungana kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Tena una chembechembe zinazomaliza makali ya randa haraka. Kwa upande mweupe tafuta mbao yoyote ya rangi hafifu isiyo laini kupita kiasi. Msonobari wenye mistari iliyosongamana unafaa ukiunganishwa na mbao nyingine ya ugumu wa wastani.

Usitafute rangi nyeupe kabisa na nyeusi kabisa. Macho hufanya kazi muda mrefu juu ya ubao, na tofauti kali mno huyachosha. Kahawia na krimu zinatosha. Jaribu kwa kulowanisha kidogo vipande viwili kwa maji: rangi utakayoiona inakaribia ile utakayoipata baada ya kupaka mafuta au vanishi. Mbao zinazoonekana tofauti zikiwa kavu wakati mwingine huja kufanana zikishapakwa.

Nitajuaje kwamba mbao zimekauka vya kutosha?

Kama huna kipima unyevu, tumia mizani. Kata kipande kidogo mbali na ncha ya mbao, kipime uzito, kiweke ndani ya chumba ubao utakamokaa, kisha kipime tena baada ya siku kadhaa. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado inatoa maji. Ukitulia, mbao imelingana na hewa ya chumba. Kwa samani za ndani maseremala hulenga unyevu wa asilimia 8 hadi 12.

Hata mbao iliyouzwa kama kavu iingize chumbani wiki mbili kabla ya kuikata, ikiwa imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite pande zote. Ukishaipasua, fito zipumzike tena siku mbili tatu kabla ya kuzinyoosha kwa randa. Kupasua hufungua sehemu ya ndani iliyokuwa na unyevu tofauti, na ufito uliokuwa umenyooka jioni huamka umejikunja.

Je, niunganishe miraba 64 mmoja mmoja?

Hapana, na usijaribu. Miraba 64 iliyokatwa peke yake haiwezi kulingana. Njia ya maseremala ni kukata fito nane ndefu, nne nyeupe na nne nyeusi, kuziunganisha zikipishana rangi, kisha kuukata ubao huo kwa upande mwingine upate vipande vinane ambavyo kila kimoja kina miraba minane. Geuza kila kipande cha pili kichwa chini miguu juu, na rangi zitapishana zenyewe. Unganisha tena, na uwanja umekamilika.

Chukua mfano wa miraba ya sm 5. Fito ziwe na upana wa milimita 50 kamili na unene wa milimita 20 hivi. Urefu usiwe 400, kwa sababu kila ukatapo, msumeno nao unakula mbao, kama milimita 3 kwa msumeno wa mashine. Mikato minane inakula 24, halafu kuna ncha ya kusafisha mwanzoni. Kwa mashine kata fito za milimita 470. Kwa msumeno wa mkono, ambao mkato wake lazima usawazishwe kwa randa, chukua 500.

Kabla ya gundi, panga fito mezani na uangalie vichwa vyake, pale mizunguko ya ukuaji wa mti inapoonekana. Ufito mmoja mizunguko itazame juu, unaofuata itazame chini. Ikiwa kila ufito utapinda kidogo baadaye, mipindo itapingana badala ya kujumlishana. Kama umebahatika kupata mbao ambayo mizunguko yake imesimama wima kwenye kichwa, itumie hiyo: mbao hutanuka kufuata mzunguko takriban mara mbili ya inavyotanuka kutoka kiini kwenda ganda, na ikipasuliwa hivyo upana wake haubadiliki sana.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi huliruka. Muungano wa kwanza ni wa ubavu kwa ubavu, na gundi ya mbao hushika hapo kuliko mbao yenyewe. Muungano wa pili ni wa kichwa kwa kichwa, yaani ncha za nyuzi zinakutana na ncha za nyuzi. Ncha hizo hunyonya gundi na kuuacha muungano mkavu, kwa hiyo ni dhaifu. Paka kwanza tabaka jembamba la gundi kwenye ncha zote, subiri dakika chache linywewe, kisha paka la pili ndipo ubane. Hata ukifanya hivyo, usiinue uwanja kwa kushika pembe moja, wala usiuache bila kitu cha kuushikilia. Fremu au kitako cha chini ndicho kitakachoubeba.

Kwa nini pembe za miraba yangu hazikutani?

Karibu kila mara ni kwa sababu fito hazikuwa na upana mmoja. Ukigeuza kipande, ufito wa kwanza unakutana na wa nane, wa pili na wa saba. Kama wa kwanza una milimita 50 na wa nane una 50.5, mpaka wa kwanza tu tayari umehama nusu milimita, na makosa yakiwa ya upande mmoja yanajumlishana kadiri unavyokaribia katikati ya ubao. Tofauti ya robo milimita kwa kila jozi ya fito ni milimita 1 ukifika katikati.

Dawa yake ni kuacha kutegemea rula. Kwenye mashine, weka kizuizi mahali pamoja na ukate fito zote nane, nyeupe na nyeusi, bila kukigusa. Kwa mkono, zibane fito zote pamoja zikiwa zimesimama kwa ubavu, na uzipige randa kwa pamoja kama kitu kimoja, upande mmoja kisha wa pili. Upana ukitokea kuwa 49.6 badala ya 50 hakuna atakayejua. Kinachotakiwa ni ulingane kote. Kisha upana huohuo ndio utakaoutumia kukata vipande vya pili. Usirudi kwenye 50 ya rula.

Wakati wa kubana mara ya pili, anza kulinganisha mistari katikati ya ubao, si pembeni, ili kosa lililobaki ligawanyike pande mbili. Macho ya mchezaji hukaa katikati. Ukimaliza pima mishazari miwili: ikiwa sawa, uwanja uko mraba. Kwa uwanja wa sm 40 kila mshazari ni karibu milimita 566.

Sina mashine. Inawezekana kweli?

Inawezekana, ila uwe na msumeno wenye meno madogo, randa iliyonolewa vizuri, skwea ya kuaminika na kibao cha kupigia randa. Hicho cha mwisho unajitengenezea: ubao bapa wenye kizuizi kilichosimama digrii 90, ambapo kipande kinalala na randa inapita kwa ubavu. Ndicho kitakachosawazisha ncha za vipande vya pili. Kabla ya kupiga randa kwenye ncha, punguza kidogo ukingo wa mwisho, la sivyo randa ikitoka itang'oa kibanzi kutoka mraba wa mwisho.

Klampu pia si lazima. Kwenye ubao mnene pigilia vipingo viwili sambamba, umbali wao ukizidi kidogo upana wa kazi yako. Laza fito katikati, kisha gonga kabari mbili mbili zinazoelekeana kati ya kazi na kipingo. Kabari zinabana vizuri sana. Tandika karatasi ya nailoni chini ili kazi isigandie ubao, na weka kitu kizito juu ili fito zisivimbe kuelekea juu zinapobanwa.

Gundi gani, na nisubiri muda gani?

Gundi nyeupe au ya manjano ya mbao inatosha. Iache ndani ya klampu angalau saa moja, na usiipige randa wala msasa kabla ya siku moja kupita.

Kuna sababu ya pili ya kusubiri, mbali na nguvu. Gundi hii ina maji, na maji hayo huvimbisha mbao kando ya muungano. Ukipiga msasa mapema unasawazisha uvimbe. Mbao ikikauka na kunywea, kila muungano unageuka mfereji mdogo ambao vanishi ya kung'aa itauonyesha bila huruma. Gundi iliyotoka nje ikwangue kwa patasi ikiwa imeshika kama mpira lakini haijawa ngumu. Ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji unaisambaza ndani ya nyuzi, na hapo rangi au mafuta hayataingia.

Gundi ya kiatu usiitumie kuunganisha fito. Haigandi ikawa ngumu kabisa, na miungano itasogea polepole.

Fremu niifungeje? Nikiipaka gundi kuzunguka pande zote kuna ubaya?

Upo, na hapa ndipo mbao nyingi nzuri hufia.

Kwenye uwanja uliotengenezwa kwa fito, nyuzi za miraba yote 64 zinaelekea upande mmoja. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kujali, ila inabadilika upana. Kwa hiyo uwanja wako utatanuka na kunywea upande mmoja tu, ule unaokata nyuzi. Unyevu ndani ya mbao ukibadilika kwa asilimia 4, uwanja wa sm 40 unaweza kusogea milimita 2 hadi 5, kutegemea mti na namna ulivyopasuliwa. Fremu iliyogandishwa pande zote nne haitasogea nao. Msimu wa mvua uwanja utaisukuma hadi pembe zake za digrii 45 zifunguke. Msimu wa kiangazi utajivuta, na kwa kuwa umeshikwa, utapasuka katikati ya mraba au kwenye muungano dhaifu.

Suluhisho ni fremu yenye mfereji. Chimba mfereji wa kina cha milimita 8 hadi 10 upande wa ndani wa kila kipande cha fremu. Punguza kingo za uwanja chini ili ulimi wa unene wa milimita 6 hivi uingie humo, ukikumbuka kuuacha uwanja mkubwa kwa kiasi cha ulimi huo tangu mwanzo; lasivyo miraba ya pembeni itafichwa kidogo na fremu na itaonekana mifinyu. Pande mbili ambazo uwanja hutanukia zibakize nafasi ya milimita 2 hadi 3 ndani ya mfereji. Gundi iwekwe kwenye pembe za fremu tu, na tone moja katikati ya kila moja ya pande mbili zenye ncha za nyuzi, ili uwanja ubaki katikati huku ukiwa huru kupumua kushoto na kulia. Ukiunganisha msimu wa mvua, mbao zikiwa zimeshavimba, nafasi inaweza kuwa ndogo. Kiangazi iache kubwa.

Asiye na kifaa cha kuchimba mfereji anaweza kuulaza uwanja juu ya kitako cha plaiwudi na kuufunga kwa skrubu kutoka chini. Tundu la katikati liwe la kawaida. Ya pembeni yawe marefu kama yai, yakielekea upande wa kutanuka, ili skrubu iteleze. Fremu inagandishwa kwenye plaiwudi, si kwenye uwanja, na unaacha ufa mwembamba kuzunguka. Ufa huo ukikatwa sawasawa unaonekana kama pambo.

Vipi kuhusu vinia?

Kwa mtu asiye na subira na misimu, vinia, yaani tabaka jembamba sana la mbao, juu ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ndiyo njia ya amani. Vinia ya milimita 0.6 haina nguvu ya kusukuma chochote, na plaiwudi haitanuki kwa kiasi cha kujali, kwa hiyo fremu unaigandisha pande zote bila wasiwasi. Ukataji ni uleule wa fito na kugeuza, ila kwa kisu kikali na rula ya chuma, ukipitisha kisu mara kadhaa kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Vipande vinashikwa kwa mkanda wa karatasi upande wa juu, kisha vyote vinagandishwa kwa pamoja na kubanwa kati ya mbao mbili bapa.

Sharti ni moja: upande wa chini nao upate vinia. Ukipaka gundi na vinia upande mmoja tu, ubao utavutika upande huo na kupinda.

Naweza kuchora miraba na kuipaka rangi tu?

Unaweza, na ni njia nzuri kwa mtoto au kwa anayetaka kucheza jioni hii. Chukua plaiwudi safi ya milimita 12 au 18, chora mistari kwa penseli kali, kisha ipitie kwa kisu na rula ya chuma ukikata nyuzi za juu kabisa. Mkato huo unazuia rangi isikimbilie mraba wa jirani. Mkanda wa karatasi peke yake hauzuii, kwa sababu rangi nyepesi hupita chini yake kupitia nyuzi. Ukitumia mkanda, paka kwanza vanishi nyembamba kando yake, iache ikauke, ndipo upake rangi.

Anza na miraba ya giza tu. Ile myeupe iache rangi yake ya asili.

Vumbi la miraba meusi linaichafua myeupe. Nifanyeje?

Tatizo hili ni la kawaida kwa mbao za giza, hasa mpingo na zile nyekundu. Unga wake mwembamba huingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe, na ukipaka vanishi juu yake umeufungia humo daima. Punguza msasa: sawazisha kwa randa iliyonolewa sana au kwa bamba jembamba la chuma la kukwangulia, ambalo hutoa maranda badala ya unga. Pale ambapo msasa hauepukiki, enda kwa kufuata nyuzi, anza na namba 120, kisha 180, kisha 240, na kila unapobadilisha namba ondoa vumbi kwa brashi na kifyonza vumbi. Usipanguse kwa kitambaa chenye spiriti: spiriti huyeyusha rangi ya mbao nyekundu na kuipeleka jirani.

Funga msasa kwenye kibao bapa. Vidole vikiwa moja kwa moja nyuma ya msasa huchimba mbao laini na kuiacha ngumu.

Mafuta, nta au vanishi?

Mafuta ya kitani ni rahisi kupaka na rahisi kutengeneza tena: pakaza, subiri robo saa, pangusa yote yaliyobaki juu, acha yakauke siku nzima, rudia mara mbili au tatu. Yanaongeza umanjano kidogo kwenye mbao nyeupe. Vanishi inalinda zaidi dhidi ya maji na jasho la mikono, ila chagua isiyong'aa. Mwanga wa taa ukiakisiwa kwenye ubao unaosumbua macho utakukera katika kila mchezo, na hata FIDE hutaka uso wa ubao usiwe wa kung'aa. Nta peke yake ni laini mno kwa ubao unaochezewa kila siku. Ipake juu ya mafuta au vanishi iliyokauka.

Chochote utakachochagua, paka juu na chini kwa idadi ileile ya mikono. Upande wa chini ukibaki mtupu utanywa unyevu haraka kuliko wa juu, na ubao utajikunja ingawa ulifuata kila kitu kingine.

Onyo la kweli: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa au kutupwa kwenye pipa hulihifadhi hadi kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma.

Ubao umepinda baada ya wiki. Umeharibika?

Si lazima. Uangalie kwanza mahali ulipolala. Ukiachwa bapa juu ya meza, upande wa juu unapumua na wa chini haupumui. Usimamishe kwa ubavu, hewa ipite pande zote mbili, uuache siku kadhaa. Mara nyingi unarudi wenyewe. Usiporudi, na kama haujapakwa chochote, lowanisha kidogo upande wenye bonde, kisha uulaze upande huo ukitazama chini, mahali penye joto la wastani. Jua kali usilitumie, linatengeneza nyufa.

Mpindo wa kusokotana, ambapo pembe moja inaelea, ni mgumu zaidi. Huo mara nyingi ulikuwamo tangu kwenye fito au uliingia wakati wa kubana juu ya meza isiyo sawa. Kitako kinene cha plaiwudi chenye skrubu za kuteleza kitaunyoosha kwa sehemu kubwa.

Nataka ubao unaokunjika.

Usiukate uliokwisha kuunganishwa. Msumeno utakula milimita 3 kati ya safu ya nne na ya tano, na miraba ya katikati itakuwa mifupi kuliko mingine. Tengeneza tangu mwanzo nusu mbili za 4 kwa 8, kila moja na fremu yake ya pande tatu, na bawaba zizamishwe zilingane na uso wa fremu.

Kete za drafti nazo ninaweza kutengeneza?

Kata visahani kutoka mti wa duara, unene wa milimita 8 hadi 10, kipenyo kikiwa kati ya robo tatu na nne ya tano ya upande wa mraba. Kwa mraba wa sm 5, hiyo ni milimita 38 hadi 40. Kata 26 badala ya 24, maana mbili zitapotea chini ya kochi. Visahani vyenye ncha za nyuzi juu hunywa vanishi nyingi, hivyo mkono wa kwanza uzimuliwe.

Njia hii inafaa kwa bao la mashimo au ludo?

Ludo ni kazi ya plaiwudi na rangi: gridi ya 15 kwa 15, nyumba nne za 6 kwa 6 kwenye pembe, na msalaba wenye upana wa miraba mitatu katikati. Mbinu ya kisu na rangi iliyoelezwa juu inatosha.

Bao ni habari nyingine. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Hapa huunganishi, unachonga kwenye kipande kimoja kinene, na tatizo la unyevu linakuja kwa sura tofauti: mbao nene ya sm 5 au 6 hukauka nje kabla ya ndani na kupasuka vichwani. Paka rangi au nta kwenye vichwa tangu siku ya kwanza ili maji yatoke polepole. Weka alama za mashimo kwa gridi, toboa katikati ya kila shimo kwa keekee hadi kina unachotaka, kisha malizia kwa patasi yenye kinywa cha duara, ukichonga kutoka ukingoni kwenda chini ili nyuzi zisinyanyuke. Kina kilingane kote. Shimo la nyumba, ambalo ni la tano kutoka kushoto kwa kila mchezaji katika safu ya mbele, huchongwa la mraba, na liwe na nafasi, kwa kuwa kete hujikusanya humo. Kingo zisuguliwe hadi ziwe mviringo: mkono unaozoa kete kwa kasi utakwaruzwa na ukingo mkali.

Kuna tahadhari gani ninapokata?

Vaa miwani, na barakoa ya vumbi hasa ukikata mvule au mpingo, ambazo vumbi lake huwasha ngozi na njia za hewa. Kwenye msumeno wa meza, usikate kipande kifupi kwa kukisukuma kwa vidole. Tumia kijiti cha kusukumia. Na unapokata vipande vya pili, usitumie kizuizi cha pembeni na kiongozi cha kukatia mkingamo kwa wakati mmoja: kipande kilichokatwa kinanaswa kati ya kizuizi na msumeno na kurushwa kwako. Funga kibao kifupi kwenye kizuizi, kiishie kabla ya msumeno, kikupe kipimo kisha kipande kiwe huru kinapokatika.

Mraba mmoja una ufa. Nibomoe kila kitu?

Hapana. Ufa mwembamba ujaze kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msasa wa mbao ileile, au kata kibanzi chembamba kinachofuata nyuzi, kigandishe ndani ya ufa, kisha ukisawazishe. Lakini kwanza tafuta kilichoupasua. Ukikuta uwanja umegandishwa kwenye fremu pande zote, fungua upande mmoja, chonga nafasi, ndipo uzibe. Ukiziba kabla, ufa utahamia mraba wa jirani msimu ujao.